Shajara ya mradi: kusoma mwili wa mbwa kwa kamera na jedwali

8 Januari 2024: Lengo na vifaa

Mradi huu unakusudia kutengeneza jedwali ambalo watu wawili wanaotazama video moja ya mbwa wataweza kulijaza kila mmoja peke yake, na majibu yao yakalingana. Mabango ya kufundishia ishara za mbwa si haba, lakini mengi humpa msomaji picha moja na neno moja chini yake, "ana furaha", "anaogopa", "ana hasira", bila kumweleza ni kiungo gani kilichobadilika, wala kilibadilika baada ya nini. Sisi tumeamua kuanzia upande wa pili: kwanza iandikwe mwili umefanya nini, na maana ijadiliwe baadaye, ikiwa ushahidi unatosha.

Mbwa ni watatu, nao wamechaguliwa kwa sababu hawafanani. Bosi ni dume kijana mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Tabu ni jike mzee mwenye masikio ya kulala na mkia mrefu ulionyooka. Kishoka ni dume mweusi wa manyoya marefu, ambaye mkia wake ulikatwa akiwa mtoto na kubaki kishina cha urefu wa kidole. Wajazaji wa jedwali ni mimi na mwenzangu mmoja. Mimi ninaishi na mbwa hawa. Yeye huwaona kwenye video tu, jambo ambalo kwa sasa tunalihesabu kuwa upungufu.

Vifaa ni simu mbili zenye kamera, stendi mbili fupi, diski ya kuhifadhia video, na BORIS, programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Torino kwa ajili ya kuweka alama kwenye video za tabia za wanyama.

27 Januari: Jedwali la kwanza limetupwa

Jedwali la kwanza lilikuwa na safu tatu: muda, kiungo na maana. Safu ya tatu ndiyo iliyoliua. Katika kipande kimoja Bosi amesimama kwenye uzio, upande wa pili yupo mbwa asiyemfahamu, na mkia wake unatikisika. Mimi niliandika "furaha"; mwenzangu akaandika "hasira". Tulipokaa kubishana, ikadhihirika kwamba sote tulikuwa tumeona kitu kilekile: mkia uko juu kabisa, shina lake limekakamaa, na unakwenda huku na huku kwa mipigo mifupi ya haraka, wakati kiuno hakitikisiki hata kidogo. Tulichotofautiana ni tafsiri, na jedwali lilikuwa limetulazimisha kuitoa kabla ya wakati wake.

Kutikisa mkia huonyesha kwamba mbwa amesisimka na yuko tayari kushughulika na kilicho mbele yake, basi. Namna ya kushughulika huonekana katika sifa nyingine za tendo hilohilo, yaani kimo cha mkia, upana wa mpigo, kasi, na ukakamavu. Mkia unaokwenda kwa mapana ukiwa kwenye usawa wa mgongo, huku kiuno kikiufuata, ni jambo moja. Mkia ulioinuliwa na kukazwa kama ule wa Bosi ni jambo jingine. Na mkia unaotikisika upesi ukiwa umeshushwa kati ya miguu ya nyuma ni jambo la tatu. Kwa hiyo neno "anatikisa mkia" limefutwa kwenye orodha yetu ya matendo, na mahali pake pamewekwa sifa nne zinazojazwa kila moja kwa nafasi yake.

Neno jingine lililofutwa ni "ubabe", ambalo nilikuwa nimelitumia kwa Bosi kila alipopanda juu ya kiti. Fikra hii, kwamba mbwa hugombea kuwa mkuu wa kundi, ilipata nguvu kutokana na kazi ya Rudolf Schenkel ya mwaka 1947 juu ya mbwa mwitu (wolf kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wa Afrika) waliofungiwa, lakini David Mech, aliyewafuatilia mbwa mwitu porini kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida huko ni wazazi na watoto wao, si washindani wa cheo. Hata hivyo, sababu yetu ya kulifuta ni nyepesi kuliko hiyo: hakuna kiungo cha mwili kinachoitwa ubabe, kwa hiyo hakuna mahali pa kuweka alama.

Kilichobaki na manufaa kutoka katika maandishi ya zamani ni njia ya Charles Darwin ya mwaka 1872. Alimweleza mbwa anayemkaribia mtu asiyemjua akiwa amesimama wima, mkia juu, manyoya yamesimama, masikio mbele na macho yamekazwa. Kisha mbwa huyohuyo anapotambua kwamba kumbe ni bwana wake, kila kitu kinageuzwa, mwili unashuka na kujipinda, mkia unashushwa na kutikiswa, masikio yanalala nyuma. Darwin hakuchagua kiungo kimoja na kukipa maana. Aliandika mwili mzima, na aliandika mabadiliko.

17 Februari: Kamera zimeshushwa

Video zote za mwezi wa kwanza zilichukuliwa kwa mkono, mpigaji akiwa amesimama, nazo karibu zote hazifai. Kutoka juu, kichwa huficha midomo na mgongo huficha mahali miguu ilipokanyagia, ilhali mgawanyo wa uzito kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ni miongoni mwa dalili za kwanza kubadilika. Mbwa anayeegemea nyuma huku shingo imerefuka mbele kunusa kitu yuko tayari kurudi kwa hatua moja, na jambo hilo halionekani kabisa ukiwa umesimama juu yake.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kila nilipoinua simu, mbwa walinitazama mimi. Mwaka 2017 Juliane Kaminski na wenzake wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mbwa hutoa misogeo mingi zaidi ya uso mtu anapowaelekea kuliko anapowapa mgongo, na kwamba kuwaonyesha chakula hakukuleta ongezeko kama hilo. Katika video zetu, Tabu aliinua nyusi za ndani karibu kila mara kamera ilipomwelekea, nasi tulikuwa tumeanza kumwandikia huzuni. Alikuwa akimjibu mpigaji picha.

Marekebisho yamekuwa haya. Kamera zote mbili sasa zinakaa kwenye stendi, lenzi ikiwa kwenye usawa wa bega la mbwa, moja ikitazama ubavu na nyingine ikitazama mbele, na zinawashwa muda mrefu kabla ya tukio linalotarajiwa ili mbwa wazizoee. Kasi ya kurekodi imepandishwa hadi picha 60 kwa sekunde, kwa kuwa kulamba pua kwa haraka huweza kupita chini ya nusu sekunde, na kwa kasi ndogo tendo hilo huacha picha chache zenye ukungu. Kishoka ametuletea shida ya peke yake: uso mweusi dhidi ya dirisha lenye mwanga hugeuka kivuli kitupu, pembe za mdomo na weupe wa jicho vikapotea. Kwake mwanga lazima utoke nyuma ya kamera, na vipande vyake vyote vya zamani vimeondolewa kwenye hesabu.

Gharama ya mabadiliko haya ni nafasi ya kuhifadhia na muda wa kuchuja. Sehemu kubwa ya kinachorekodiwa ni mbwa aliyelala.

9 Machi: Kipande kimoja, polepole

Nimekiandika kipande hiki kwa urefu kwa sababu ndicho kilichotupa orodha ya sasa ya viungo. Tabu amelala kwa ubavu, mgeni anaingia, anainama juu yake na kunyoosha mkono kuelekea kichwani.

Kabla mkono haujafika, pua ya Tabu imegeuka kidogo kushoto, lakini macho hayakugeuka pamoja nayo. Yamebaki kwenye mkono, na ndiyo maana weupe wa jicho umejitokeza kwenye kona kama hilali. Mkono unapogusa kichwa, ncha ya ulimi inatoka, inagusa pua na kurudi ndani. Masikio yake, kwa kuwa ni ya kulala, yanaonekana hayajasogea; ukitazama shina, hata hivyo, ngozi kati ya masikio imevutwa nyuma na mikunjo midogo ya paji imefutika. Mdomo uliokuwa wazi umefungwa. Ubavu uliokuwa ukipanda na kushuka kwa pumzi unasimama. Wakati wote huo ncha ya mkia inapiga sakafu, taratibu, na mgeni anasikika akisema, "Ananipenda huyu." Mkono unaondolewa. Tabu anainuka, anajikung'uta mwili mzima kuanzia kichwa hadi mkiani ingawa hana tone la maji, na kwenda kulala kwenye chumba kingine.

Mwenzangu alipokitazama kwa mwendo wa kawaida aliona mbwa mpole anayepapaswa. Kwa mwendo wa polepole aliandika alama saba, na sita kati yake zilikuwa za mbwa anayeomba nafasi. Mkia peke yake ndio uliosema vingine, na mkia ndio uliomfikia mgeni.

Daktari wa mifugo Kendal Shepherd wa Uingereza aliwahi kuzipanga dalili za namna hii katika ngazi: chini kabisa kuna kupiga miayo, kupepesa macho na kulamba pua, kisha kugeuza kichwa, kugeuza mwili, kuondoka, kujikunyata mkia ukiwa umefichwa, kukakamaa na kukazia macho, kunguruma, kutishia kuuma hewani, na juu kabisa kuuma. Tumeichukua ngazi hiyo kama orodha ya vitu vya kutafuta. Hatukuichukua kama utaratibu unaofuatwa kidato kwa kidato, kwa kuwa mbwa anaweza kuruka vidato, hasa yule aliyewahi kuadhibiwa kwa kunguruma. Kanuni yetu ya usalama imetoka hapohapo: mbwa wa mradi hakaripiwi kwa kunguruma, na kipande chochote ambacho mbwa amekakamaa hukatizwa kwa mtu kuondoka, hata kama video ingekuwa nzuri.

30 Machi: Sauti imezimwa, mwanzo umekatwa

Tulikuwa na kipande cha Kishoka na mto uliochanwa. Kichwa chini, macho pembeni, masikio nyuma, kishina cha mkia kimeshushwa, mwili umepungua kimo. Mimi niliandika kwa ujasiri kwamba anajua alichofanya. Mwenzangu, aliyepewa kipande bila mwanzo na bila sauti, aliandika tu mpangilio wa viungo, na katika safu ya maoni akauliza ni nani aliyekuwa amesimama nje ya picha.

Aliyesimama nje ya picha nilikuwa mimi, na nilikuwa nikifoka. Alexandra Horowitz alilipima jambo hili mwaka 2009 kwa mbwa 14: wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao amekula kilichokatazwa au hajala, na wakati mwingine waliambiwa uongo. Sura inayoitwa ya hatia iliongezeka mbwa alipokaripiwa, bila kujali kama alikuwa amekosa au la. Kwa jedwali letu maana yake ni kwamba mwili wa Kishoka ulikuwa unaizungumzia sauti yangu, na mto haukuhusika.

Tangu tarehe hii kila kipande kinapitiwa mara mbili. Mara ya kwanza hakina sauti, na mjazaji haambiwi kilichotangulia. Anaandika viungo tu. Mara ya pili anapewa sauti pamoja na sekunde kumi za kabla na kumi za baada, na hapo ndipo safu ya mazingira hujazwa: nani yupo, amesimama wapi, amefanya nini. Safu hiyo pia inaulizia joto, chakula na usingizi. Mbwa hutweta ili kujipoza, kwa kuwa hutoa jasho kwa kiasi kidogo tu kupitia nyayo. Hupiga miayo akiamka. Hulamba midomo akitoka kula. Vipande vya namna hiyo tulikuwa tumeviweka katika fungu la wasiwasi, na imebidi virudiwe vyote. Kazi hiyo imekula mwezi karibu mzima.

Upungufu tulioutaja Januari, kwamba mwenzangu hakai na mbwa hawa, umegeuka kuwa ndio unaoushikilia mradi.

20 Aprili: Kadi ya kawaida ya kila mbwa

Tulipojumlisha alama za miezi mitatu, Bosi alionekana ni mbwa aliyesisimka mchana kutwa, na Kishoka ni mbwa asiye na hisia. Hakuna kati ya hayo lililo kweli. Mkia wa Bosi hukaa juu ya mgongo hata anaposinzia akiwa ameketi, kwa hiyo "mkia juu" kwake si habari. Kishoka naye hana cha kuinua wala cha kushusha zaidi ya kile kishina, na manyoya ya shingoni ni marefu kiasi kwamba yakisimama hayaonekani.

Tofauti hizi si za nyumba moja. Mwaka 1997 Deborah Goodwin, John Bradshaw na Stephen Wickens walilinganisha aina kumi za mbwa na kukuta kwamba kadiri umbo la aina lilivyokuwa mbali na la mbwa mwitu, ndivyo ishara za mwili walizozihesabu zilivyopungua: kati ya ishara 15, Siberian Husky walitumia zote, na Cavalier King Charles Spaniel walitumia mbili. Kuhusu mkia uliokatwa, Leaver na Reimchen walitumia mwaka 2008 sanamu ya mbwa yenye ukubwa halisi, iliyotikiswa mkia kutoka mbali kwa mitambo. Mkia ulipokuwa mrefu, mbwa wengine waliisogelea kwa namna tofauti ulipotikisika na ulipotulia. Ulipokuwa mfupi, tofauti hiyo ilitoweka. Nadhani hapa ndipo penye maelezo ya jinsi mbwa wageni wanavyomkaribia Kishoka kwa mzunguko mpana na kusimamasimama njiani, jambo nililokuwa nikilihesabu kuwa tabia mbaya ya wageni.

Kila mbwa sasa ana kadi yenye picha na maelezo ya mwili wake ukiwa umetulia: mkia unakaa wapi, masikio yanaelekea wapi, mdomo uko wazi au umefungwa, uzito umelalia miguu ipi. Jedwali haliandiki tena "mkia juu". Linaandika "mkia umepanda kuliko kawaida yake", "umeshuka", au "hakuna badiliko". Kwa Bosi, mkia uliokunjuka na kunyooka kwa usawa ni badiliko kubwa, na lilikuwa limepita miezi mitatu bila kuwekewa alama. Kwa Kishoka tumehamishia macho kwenye shina la masikio, pembe za mdomo na miguu. Pembe za mdomo zina faida ya pekee: mbwa anayenguruma huku pembe zimesogezwa mbele na mdomo umefupika anasukuma mbele, na anayenguruma huku pembe zimevutwa nyuma na meno mengi yako wazi anataka njia ya kutokea. Wote wawili wanaweza kuuma.

Manyoya ya mgongoni yamebaki kwenye orodha kwa masharti. Husimamishwa na misuli midogo ya ngozi isiyotawaliwa na hiari, kwa hiyo yanatangaza msisimko tu, na mbwa anayecheza anaweza kuyasimamisha sawasawa na anayeogopa.

11 Mei: Kulia na kushoto, limeachwa

Quaranta, Siniscalchi na Vallortigara walionyesha mwaka 2007, kwa mbwa 30, kwamba mkia huelemea kulia mbwa anapomwona mwenye wake na huelemea kushoto anapoonyeshwa mbwa mkali asiyemjua. Tulitaka kuongeza safu hiyo. Haikuwezekana: mwelemeo wenyewe hautazamiki kwa ubavu, unahitaji kamera iliyo juu ya mbwa na mwili ulionyooka bila kujipinda, mkia wa Bosi umeelemea upande mmoja kwa maumbile, na Kishoka hahusiki. Anayetaka kulirudia ajenge kwanza mahali ambapo mbwa atasimama akitazama mbele. Sisi tumeliacha.

8 Juni: Makubaliano yamepimwa

Asilimia ya majibu yanayofanana hudanganya. Ikiwa katika vipande vingi hakuna mbwa aliyepiga miayo, watu wawili wanaoandika "hakuna" wakiwa wamefumba macho watakubaliana sana. Ndiyo maana tunatumia kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachotoa kwanza makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati. Tuseme wajazaji wamelingana kwa 0.80, na bahati peke yake ingewalinganisha kwa 0.60: 0.80 kutoa 0.60 ni 0.20, 1 kutoa 0.60 ni 0.40, 0.20 ikigawanywa kwa 0.40 ni 0.50. Makubaliano yaliyoonekana mazuri yamekuwa ya wastani.

Kimo cha mkia, mdomo wazi au uliofungwa, na uelekeo wa kichwa vilipita vizuri. Weupe wa jicho ulipita kwa Tabu na kuanguka kwa Kishoka kwa sababu ya mwanga. "Ukakamavu" ulianguka kwa mbwa wote, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa akiuona kwa hisia zake. Tuliuvunja vipande: je, mkia umeacha kusogea, mdomo umefungwa, pumzi haionekani ubavuni, na mguu haukuhama? Vitatu kati ya hivyo vinne vikitokea pamoja, huo ndio ukakamavu, hata ukidumu muda mfupi tu. Baada ya hapo safu hii imekuwa miongoni mwa zinazolingana zaidi, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote, maana mbwa anapoganda hivyo bila kutoa sauti ndipo watu wengi huamini kwamba ametulia.

Dakika moja ya video yenye matukio mengi inachukua karibu nusu saa kuwekewa alama na mjazaji mmoja. Mwenye kuiga kazi hii achague vipande vifupi.

6 Julai: Mchezo

Bosi na Kishoka wanapocheza, jedwali hujaa meno, ngurumo na shingo kukamatwa, na mtu anayetazama kipande bila sauti wala mwanzo angeweza kudhani ni ugomvi. Kinachotofautisha ni mambo ya kati: kuinama kwa miguu ya mbele huku kiuno kikiwa juu, kubadilishana zamu ya kukimbizwa, na vituo vifupi ambavyo mmoja hugeuka pembeni au kujikung'uta, kisha wote wakaanza upya. Marc Bekoff aliandika mwaka 1995 kwamba kuinama huko hutokea zaidi kabla au baada ya kung'ata kunakofuatana na kutikisa kichwa kwa nguvu, yaani palepale ambapo mwenzake angeweza kuelewa vibaya.

Tumeongeza safu ya zamu na safu ya vituo. Mmoja akiwa chini muda wote na vituo vikitoweka, tunamshika aliye juu kwa muda mfupi na kumwacha wa chini huru: akirudi mwenyewe, mchezo unaendelea, akiondoka, umekwisha.

27 Julai: Kupapasa kwa vituo

Jaribio hili ndilo rahisi kuliko yote kuiga. Mbwa anakuja mwenyewe, mtu aliyeketi kwa ubavu anampapasa kifuani au begani kwa sekunde tatu, anaurudisha mkono pajani, na kusubiri. Mbwa akisukuma kichwa, akiegemea au akigusa mkono kwa pua, anapapaswa tena. Akibaki vilevile, akigeuza kichwa, akilamba pua au akiondoka, mkono unabaki pajani.

Awamu ya kwanza iliharibika kwa mambo mawili. Mwenye kupapasa alikuwa na vipande vya chakula mfukoni, kwa hiyo kila mbwa alirudi kila mara, na tulikuwa tukipima mfuko. Pili, mkono ulitangulia kwa juu, ukapita mbele ya macho ya mbwa, na Bosi alirudi nyuma kabla hajaguswa. Mfuko umetolewa, mkono sasa unatoka chini kwa ubavu, na mtu haangalii mbwa usoni.

Bosi anarudi karibu kila mara. Kishoka anarudi kwa mtu anayemjua tu. Tabu, ambaye wageni wote humwita mpole, mara nyingi anabaki vilevile, na kubaki huko ndiko kulikokuwa kukihesabiwa kuwa ruhusa. Wageni sasa wanaambiwa wasubiri hadi ausogelee mkono wenyewe.

24 Agosti: Kadi ya Tabu imebadilika

Tangu katikati ya Julai alama za Tabu zilizidi: kulamba pua, kugeuza kichwa na kufunga mdomo kila mkono ulipofika kiunoni, hata ukiwa mkono wangu. Kwa mtindo wa Januari tungeandika "woga wa kuguswa". Mwenzangu ndiye aliyelinganisha video mpya na kadi ya kawaida na kuona kwamba uzito umeondoka kwenye mguu wa nyuma wa kulia hata mbwa akiwa peke yake chumbani, pasipo mtu wa kumwogopa, na kwamba anapolala anachagua upande mmoja tu. Tulimpelekea daktari wa mifugo video hizo pamoja na mbwa mwenyewe, naye akapima na kukuta ugonjwa wa maungo ya nyonga. Ametibiwa, na kadi yake imepigwa picha upya.

Kadi zote zitarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Safu mpya imeongezwa: "je, alama hii hutokea pia mbwa akiwa peke yake?"

21 Septemba: Toleo la nne

Jedwali linalotumika sasa lina muda, kimo na mwendo wa mkia, shina la masikio, macho, mdomo na pembe zake, uzito, pumzi, vituo, badiliko dhidi ya kadi, kisha mazingira ya kabla na baada. Safu ya maana ipo mwishoni kabisa na inaruhusiwa kuachwa wazi. Ikijazwa, lazima itaje viungo visivyopungua vitatu na tukio lililotangulia. Zilizoachwa wazi ni nyingi kuliko zilizojazwa.

Kinachofuata ni kulijaribu kwa mtu wa tatu ambaye hajawahi kufuga mbwa, kwa kumpa kadi tatu, vipande vifupi visivyo na sauti, na maelezo ya ukurasa mmoja. Kipande cha kwanza kitakuwa cha Bosi kwenye uzio.